Kamati ya Ufuaji Yaenda Ng'ambo

Kamati ya Maji, Usafi na Ufuaji ya Gatwekera na Viunga Vyake inayo furaha kuutangazia umma kwamba ziara yake ya mafunzo katika nchi za ng'ambo imefaulu mno, hata imeongezwa muda kwa matakwa ya wananchi wenyewe. Mimi, Shivachi, Katibu wa Kamati, nimepewa jukumu la kueleza mambo yalivyokwenda, kwa sababu huku mitaani kumekuwa na maneno, na maneno yasipopewa mwongozo huenda popote yanapotaka.

Nianze na msingi. Pale Gatwekera, Kibera, upande wa chini wa reli, kuna kituo cha kisasa cha ufuaji. Mfadhili alikijenga, akakimaliza, akapiga picha, akaondoka. Kina mabeseni ya saruji yaliyopangwa kwa safu, mabomba yanayong'aa, kamba za kuanikia chini ya mabati yanayopitisha mwanga, na tangi linalojaa lenyewe. Kilikuwa tayari kwa kila jambo isipokuwa kutumiwa. Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Wanzala, alikuwa amefafanua barazani zaidi ya mara moja kwamba kituo cha kisasa hakifunguliwi na watu wasio na mafunzo ya kisasa. Mtu anaweza kufungua bomba vibaya. Basi kikatiwa kufuli, ufunguo ukaning'inizwa shingoni mwa Mwenyekiti kwa utepe wa buluu, na akina mama wa Gatwekera wakaendelea kununua maji kwa mtungi na kufulia mlangoni kama zamani, huku wakiusubiri usasa.

Kulikuwa na manung'uniko madogo. Mama mmoja anayeitwa Nabalayo, ambaye kila asubuhi hutembea hadi upande wa Lavington, kwa matajiri, kutafuta kibarua cha kufulia watu nguo, alisimama barazani akauliza kama tangi haliwezi kuota kutu likisubiri. Mwenyekiti alilipokea swali hilo kwa moyo mkunjufu na kuahidi kwamba litashughulikiwa na swali lingine.

Ndipo ukaja mwaliko. Mfadhili alitualika Ulaya, upande wa baridi, kwenye kongamano la jamii zinazofua. Masharti yalikuwa mawili: tuende wajumbe watatu, na kila mjumbe abebe mkoba mmoja tu, ule unaoingia chini ya kiti cha ndege. Mwenyekiti hakulipenda sharti la pili. Alisema mtu anayesafiri bila sanduku hana tofauti na mtu anayeenda sokoni. Nikamtuliza kwa utafiti niliokuwa nimeufanya kwenye simu, kwani wasafiri wa mataifa yaliyoendelea siku hizi huzunguka dunia nzima na nguo chache sana. Wanazifua usiku kwenye sinki la hoteli, wanazikunja ndani ya taulo, wanalikanyaga hilo taulo, asubuhi zimekauka. Nikaifupisha elimu hiyo ikawa kanuni: moja mwilini, moja majini, moja kambani. Mwenyekiti aliirudia mara mbili, akaagiza iandikwe kuwa yake.

Tuliagwa kwa heshima zote. Kwaya iliimba, mbuzi alichinjwa, na mchungaji akaiombea ndege kwa kirefu, akitaja mabawa yote mawili. Rachael, mke wa Mwenyekiti, alimpigia mume wake pasi suti yake ya kijivu, akamvisha koti zito jeusi alilomnunulia mtumba pale sokoni Toi, kwa sababu alisikia huko baridi hukata masikio. Mweka Hazina wetu, Kalekye, alivaa kofia ya sufu tangu nyumbani. Tukapanda teksi na mikoba yetu midogo, tukapitia ubalozini kuchukua pasipoti.

Ningependa hapa kukanusha kwamba tulinyimwa viza. Hatukunyimwa. Tulirudishiwa pasipoti zetu zikiwa safi kabisa, bila doa la muhuri hata moja.

Tulisimama kando ya barabara kwa muda. Kalekye alipendekeza turudi nyumbani tuwaambie watu ukweli. Mwenyekiti alimtazama kwa huruma. Akamweleza kwamba mtu aliyechinjiwa mbuzi wa kuagwa harudi kabla mifupa haijatupwa, na kwamba, kadiri anavyojua, kwaya bado inaimba. Akaniuliza mimi kama katiba ya Kamati inasema ng'ambo ni wapi hasa.

Nilifikiri kama inavyompasa katibu. Ng'ambo, kwa Kiswahili sanifu, ni upande wa pili: wa mto, wa bahari, wa barabara. Lugha haijataja kina cha maji. Na Kawangware, ukisimama Kibera, iko ng'ambo ya Ngong Road.

Mwenyekiti alinipa mkono pale pale barabarani.

Huko ng'ambo tulipokelewa na Bwana Mutie, msimamizi wa ploti moja ya vyumba vya kupanga pale Gatina, Kawangware, ambaye zamani alibeba mawe pamoja na Mwenyekiti kwenye majengo. Alikuwa na chumba ambacho mpangaji wake alikuwa amekwenda mashambani. Kilikuwa chumba kimoja cha mabati, kilichogawanywa kwa pazia la maua: kitanda nyuma, kochi mbele. Kalekye alipewa malazi kwa dada yake Mutie, mlango wa pili, maana ni watu wa Kitui wote na hawakukosa la kuongea. Mutie aliuliza tunajificha nani. Mwenyekiti akamjibu kwamba hatujifichi, tuko kongamanoni.

Julai ilitusaidia sana kisaikolojia. Mawingu yalikaa juu ya mabati kutwa, manyunyu hayakukoma, na mtu akivuta pumzi mvuke unatoka. Mwenyekiti aliirudisha nyuma saa yake ya mkono kufuata majira ya Ulaya, ikawa tunachelewa kula kila siku. Jioni alituma sauti kwenye kundi la simu la wakazi wa Gatwekera, akiwaeleza kwamba baridi ya huku ni ya maana, watu wa huku wananyamaza sana, na ustaarabu ni mwingi. Kwa bahati mbaya, katikati ya ujumbe mmoja alipita mtu wa kipaza sauti akitangaza kwamba ananunua redio mbovu, simu mbovu na vyuma kuukuu. Watu wakauliza. Mwenyekiti akaeleza kwamba Wakenya wametapakaa duniani, na wanajituma.

Nabalayo naye aliuliza kwenye kundi kama nguo zinakauka huko. Mwenyekiti akamjibu neno moja: teknolojia.

Ukweli ni kwamba nguo hazikukauka. Kanuni ya moja mwilini, moja majini, moja kambani ilifanya kazi vizuri katika sehemu zake mbili za mwanzo. Hakukuwa na sinki. Kulikuwa na beseni moja la plastiki, mali ya jirani anayepika chapati, na tulilipata tu baada ya unga kutoka. Sabuni tuliyotumia ilikuwa ya kuoshea nywele, maana ndivyo nilivyosoma. Mashati yakatoa povu lisilokwisha. Mwenyekiti akalaza shati lake jeupe juu ya taulo, akalikunja, akalikanyaga kwa uzito wa cheo chake, lakini alisahau kuvua viatu, na taulo lenyewe lilikuwa jembamba. Shati likabaki na alama ya soli mgongoni, wazi kabisa, hata namba ya kiatu unaisoma. Soksi zangu niliziweka karibu na jiko la makaa. Moja ilikauka. Nyingine iliungua.

Kila kilichoanikwa kilikusanya unyevu zaidi. Tukaanza kuvaa vilivyokauka nusu, huku Mwenyekiti akisema msafiri mzoefu huvikausha kwa joto la mwili. Nikapata kikohozi. Kalekye alikuja kututazama mlangoni, akasema tunanuka kama mbwa aliyelowa, na akasema kwa kweli, si kwa ubaya.

Mambo yalifika kileleni pale wakazi walipoomba kumwona Mwenyekiti kwa macho. Rachael alituma ujumbe kwamba Jumapili baada ya ibada watu wote watakusanyika, simu itaunganishwa na televisheni ya kanisa, na Mwenyekiti awahutubie moja kwa moja kutoka ng'ambo. Alisema watoto wamefanya mazoezi ya wimbo. Mwenyekiti alikubali kabla hajafikiri, kwa kuwa hajawahi kuikataa hotuba.

Jumamosi asubuhi alivaa suti ya kijivu, ndiyo nguo pekee, ukiacha koti, iliyokuwa imebaki kavu, akasema anatoka kutafuta mandhari: ukuta mzuri, mti mmoja, mahali panapoweza kuwa Ulaya. Alijifunika uso kwa skafu, nikamfuata. Pale Gatina kuna mtaro ambao wenyeji huuruka bila kuutazama. Mwenyekiti aliutazama. Tuliporudi naye, suti haikuwa na rangi tena, na matope yalikuwa yamefika mfuko wa kalamu.

Sasa hesabu ya mavazi ya Kamati ilikuwa hivi: kila kitu kilikuwa kichafu, au kimelowa, au vyote viwili, isipokuwa koti jeusi la Toi, ambalo lilikuwa limebaki msumarini. Tukajifunga mashuka. Kalekye alileta na zake pia, gauni lake na sketi, yeye akiwa ameazima dera. Alimwambia Mutie atafute mtu wa kufua, na atafute sasa hivi, kwa sababu yeye amechoka na elimu.

Mutie alitoka hadi kwenye geti moja la upande wa Lavington, ambako akina mama hukaa wakisubiri kuitwa kazini. Akamchukua wa kwanza aliyeinuka. Tulisikia hatua zao zikija kwenye ukumbi wa ploti, tukaruka nyuma ya pazia, mimi na Mwenyekiti, tukakaa kitandani na mashuka yetu. Kalekye hakuwahi kutoka, ikabidi naye aingie. Kisha tukasikia sauti ikibisha hodi, na sauti hiyo sote tuliijua. Alikuwa Nabalayo.

Mutie hakumjua. Alimwonyesha rundo la nguo lililokuwa kwenye kochi, akamweleza kwamba wenyewe ni wageni kutoka nje, wamepumzika nyuma ya pazia, na Kiswahili hawakisikii. Hapo mambo yangekwisha salama. Lakini Nabalayo ni mtu wa adabu, akasalimia pazia, na Mwenyekiti ni mtu wa watu, hawezi kusalimiwa akanyamaza.

"Mimi sikia kidogo," alisema, kwa sauti ya puani.

Nilimwona Nabalayo kupitia tundu la pazia. Aliinua koti la suti lililojaa matope, akaligeuza, akaitazama kola. Akachukua shati lenye alama ya kiatu. Akalitazama pazia. Kisha akavuta kigoda, akakaa, kama mtu asiye na haraka yoyote duniani.

"Karibuni Kenya," alisema. "Mnatoka nchi gani?"

"Nchi ya baridi," alisema Mwenyekiti.

"Poleni. Hata sisi mwenyekiti wetu ameenda huko. Anaitwa Wanzala. Mnamjua?"

"Watu iko mingi kule."

"Ni ukweli. Lakini huyu ni mtu mkubwa, haiwezekani hamjamsikia."

Nilimkanyaga Mwenyekiti mguu. Haikusaidia. Kuna watu ambao sifa huwapita, na kuna ambao huwaingia.

"Labda mimi sikia," alisema. "Yeye mtu mzuri sana."

"Aki ya Mungu, watu wakiwa mbali na yeye husema hivyo," alisema Nabalayo.

Akamgeukia Mutie, akaomba maji. Mutie akamwambia kweli tupu: mabomba ya Gatina yalikuwa makavu tangu juzi, na wenye mikokoteni ya maji walikuwa hawajapita. Nabalayo alitikisa kichwa taratibu, kama daktari. Akasema basi nguo hizi itabidi azipeleke kwake Gatwekera, lakini hata kwake ni kununua mtungi mmoja mmoja, na matope ya namna hii yanataka maji mengi yanayotiririka, na kamba iliyo chini ya paa, la sivyo mwenye suti aisahau mpaka wiki ijayo.

"Na si eti maji hakuna," alisema, akilielekea pazia. "Kwetu kuna tangi imejaa pomoni. Mabomba iko, beseni iko, kamba iko. Imefungwa. Ufunguo, Mwenyekiti alisafiri nao. Sasa nyinyi wageni mnipe shauri. Nguo zenu mnazitaka lini?"

"Kesho," alisema Mwenyekiti, akisahau pua.

"Kesho ni ngumu."

Nyuma ya pazia palifanyika kikao cha dharura cha Kamati. Kiliendeshwa kwa macho. Mwenyekiti aliushika ufunguo kifuani kwa mikono miwili. Mimi nilimkumbusha, kwa ishara, habari ya televisheni ya kanisa. Alinitazama kwa uchungu mkubwa, na nakiri kwamba sijawahi kumwona mtu aliyejifunga shuka akiwa na majonzi ya kiofisi kiasi kile. Ufunguo huo aliulalia na kuamka nao. Kila alipoingia kwenye mkutano, watu walitazama kwanza utepe, ndipo wakamtazama yeye.

Kalekye ndiye aliyelivunja jambo. "Toa," alinong'ona.

Mkono wa Mwenyekiti ukatokea chini ya pazia, ukiwa na pete yake ya ndoa na saa iliyorudishwa nyuma, na juu ya kiganja ulilala ufunguo na utepe wake wa buluu. Nabalayo hakushangaa, wala hakucheka. Aliupokea kwa mikono miwili, kama apokeavyo mtu sakramenti.

"Asante, mgeni," alisema. "Mungu awafikishe kwenu salama."

Kisha akakusanya kila kitu. Alichukua hata suruali zilizokuwa msumarini zikijaribu kukauka, akimweleza Mutie kwamba zinanuka moshi na ni aibu kuwaachia wageni kazi nusu. Akafunga furushi kwa leso, akaliweka kichwani, akaondoka.

Jumapili tulimsubiri tangu asubuhi. Hakutokea. Saa ya hotuba ilipokaribia, Mwenyekiti alivaa koti jeusi juu ya kifua kitupu, akafunga vifungo vyote hadi shingoni, akazungushia skafu iliyofutwa matope. Kuanzia kiunoni kwenda chini alikuwa na shuka la waridi. Nilimweka mbele ya pazia, nikaielekeza simu juu, nikamwomba asisimame kwa sababu yoyote, hata wakipiga wimbo wa taifa.

Simu ikaita. Picha ikafunguka.

Sikuliona kanisa. Niliona kituo cha kisasa cha ufuaji kikiwa wazi kama mdomo wa mtu anayecheka. Televisheni ilikuwa imebebwa hadi pale, ikawekwa juu ya meza, na watu walikuwa wamejaa kote. Mabomba yalikuwa yakitiririka. Kila beseni lilikuwa na mama, na kila mama na povu lake. Kamba zilikuwa zimejaa sare za shule, mablanketi, nepi, majoho ya kwaya, na katikati kabisa, mahali pa heshima, suti ya kijivu iliyotakata, shati jeupe lisilo na alama ya kiatu, suruali zangu, gauni la Kalekye. Rachael ndiye aliyeshika simu. Watoto waliimba, na Mwenyekiti aliusikiliza wimbo wote bila kupepesa macho.

Ulipokwisha, aliuliza kwa upole kituo kimefunguliwaje. Nabalayo alisogea mbele akiwa na mikono yenye povu. Alisimulia kwamba alikuwa kibaruani upande wa pili akakutana na mgeni wa nchi ya baridi, mtu wa huruma, ambaye alimpa ufunguo kwa mkono wake mwenyewe. Hajui mgeni aliupata wapi. Hakuona uso wake.

"Sasa Mwenyekiti," alisema, "tunataka utuambie wewe. Tulikosea kuuchukua?"

Watu wote wakamtazama. Kama angesema walikosea, ingebidi aeleze ufunguo wake ulifikaje kwa mgeni.

"Hamkukosea," alisema.

Nabalayo akauliza kama wanaweza kuendelea kuutumia. Akasema waendelee. Mzee Okeyo, fundi viatu wa hapo karibu, akauliza kama, kwa kuwa mafunzo ya ng'ambo ni ya kina na hayaharakishwi, si vizuri Nabalayo aushike ufunguo mpaka Kamati itakapohitimu. Watu wakainua mikono. Mwenyekiti aliulizwa kama anauona wingi wa mikono. Akasema mtandao ni mzuri, anauona. Mimi, kama katibu, nililipitisha azimio hilo, maana hakukuwa na namna ya kisheria ya kutolipitisha.

Kabla simu haijakatwa, Nabalayo alitangaza kwamba nguo za wale wageni zimekauka na zimepigwa pasi. Wakazi wanaomba wageni waje wenyewe kuzichukua, ili washukuriwe.

Mutie alinikopesha suruali yake, ambayo kwangu iliishia chini kidogo ya magoti. Kwa Mwenyekiti haikupita hata mguu, kwa hiyo alikwenda na koti lake na shuka. Tulivuka Ngong Road, tukapita Toi, tukashuka Makina, ambako mwenye duka mmoja alitoka mlangoni kutuuliza kwa heshima kama igizo la kanisa ni leo. Mwenyekiti alitembea mbele, kichwa juu. Njiani alisema neno moja tu: aliniuliza kama niliona kwenye simu nguvu ya maji, na kama kwa maoni yangu ilikuwa ya kuridhisha. Nikamwambia ilikuwa ya kuridhisha sana. Alitikisa kichwa, na nadhani alifurahi kidogo, bila kukusudia.

Gatwekera nzima ilituona tukija, na hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lililotuumiza. Watu walisimama kutupisha. Akina mama walitusalimia polepole na kwa sauti kubwa, kama watu wasemavyo na mtu asiyeijua lugha. Mzee Okeyo alimpa Mwenyekiti mkono, akamwambia Kenya ni nchi ya amani. Tuliwekewa viti.

Kalekye hakukaa. Alisimama katikati ya kituo na dera lake la kuazima, akawatazama wale wanawake, akawatazama tena. "Mimi ni Kalekye, na nimerudi," alisema. "Nilikuwa Kawangware." Kicheko kilichopasuka hapo kilisikika hadi kwenye reli. Wakamvuta, wakampa kipande cha sabuni na beseni, na mpaka leo yeye ni mkazi wa kawaida, anafua Jumanne na Ijumaa.

Mwenyekiti angeweza kusema vilevile. Nilimwona akifungua mdomo. Lakini mtu aliyekuwa mkubwa hupungua polepole, hawezi kupungua mara moja mbele ya watu. Akaufunga. Na mimi ni katibu wake, nikaufunga wangu.

Ndipo Rachael akaja na chai ya maziwa na zile nguo zilizokunjwa vizuri, suti chini, shati juu. Alimwekea mumewe mapajani, juu ya shuka la waridi.

"Shati lako lilikuwa limetoka kifungo, mgeni," alisema. "Nimekishona. Hata bwanangu hupoteza hicho hicho."

Mwenyekiti alishukuru kwa sauti ya puani. Alipapasa kifungo kwa kidole gumba. Rachael aliketi kando yake, akamwacha anywe chai. Mbele yetu maji yalikuwa yakimwagika kutoka bomba hadi beseni, Nabalayo alikuwa akimkemea mtu kwa kumaliza kamba peke yake, na harufu ya sabuni ilikuwa kila mahali. Mwenyekiti alitazama hayo yote mpaka kikombe kikaisha.

"Mgeni," alisema Rachael, akikipokea kikombe, "huko kwenu ndiko bwanangu amekwenda kusomea kufua. Ukirudi, ukimpata, nipelekee salamu. Mwambie tuko sawa. Mwambie asiwe na haraka."

"Mimi taambia yeye," alisema Mwenyekiti.